Wameingia Chuoni. Nani Atawafikisha Wodini?

Maneno haya niliyasema mbele ya wauguzi na wanafunzi wa uuguzi tunaozungumza Kiswahili hapa Darwin, kaskazini mwa Australia. Wengi mlikuwa zamu siku hiyo mkaomba mpate yote. Haya hapa.

Ndugu zangu, wazee wetu, dada na kaka mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kulala, hamjambo?

Kabla ya yote, tuko kwenye ardhi ya Walarrakia, Waaborijini wenyeji wa Darwin. Kwetu mgeni hubisha hodi, akasubiri akaribishwe. Wenyeji wa hapa walikuwapo maelfu kwa maelfu ya miaka kabla ya meli za Waingereza, na hakuna aliyewabishia hodi. Basi leo nabisha mimi. Natoa heshima kwa wazee wao, waliotangulia na walio hai, na kwa kila Mwaborijini aliyeketi nasi humu ukumbini.

Nimeombwa nizungumzie njia za chuo kikuu zinazomfikisha mwanafunzi wa Kiaborijini kwenye usajili wa uuguzi. Mwenzetu mmoja aliposikia mada akaniuliza, "Sasa hilo linatuhusu nini sisi?" Swali zuri. Linatuhusu kwa sababu mwanafunzi huyo akishaingia chuoni, sehemu ngumu kuliko zote za safari yake inapita mikononi mwa muuguzi wa wodini. Na muuguzi wa wodini katika Northern Territory, eneo letu hili la kaskazini, mara nyingi ni nani? Ni mimi. Ni wewe. Ni yule kaka aliyekaa nyuma kule, sare bado iko mwilini.

Tuangalie kwanza hali ilivyo. Waaborijini na wenyeji wa Visiwa vya Torres Strait ni karibu watu 4 katika kila watu 100 wa Australia. Kwa wauguzi na wakunga, hawafiki 2 kati ya 100. Hapa kwetu kaskazini ni zaidi ya robo ya watu wote, na ukipita wodini asubuhi unajua mwenyewe: wengi wa waliolala pale ni wao. Figo, moyo, kisukari, homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo wa mtoto angali shule ya msingi. Kwa takwimu za 2020 hadi 2022, mwanamume wa Kiaborijini anayezaliwa leo anategemewa kuishi miaka 71.9, mwanamke 75.6. Ni pungufu ya wenzao kwa miaka 8 na ushee. Miaka minane, jamani! Hiyo ni miaka ambayo mtoto anamkosa bibi yake.

Sasa niwaulize. Mgonjwa huyu anapofungua macho saa tisa usiku, anamwona nani? Anamwona Mkenya, Mfilipino, Mhindi, Mnepali, Mwairishi, Mzimbabwe. Sote ni watu wazuri, tunafanya kazi kwa moyo. Lakini mtu wa kwao yuko wapi?

Wapo watakaosema Waaborijini hawapendi shule. Maneno hayo nimeyasikia kwenye chumba cha chai, na wengine waliyasema kwa Kiswahili. Naomba tuyaache leo leo, kwa sababu historia inayakataa.

Wangapi hapa mlikwenda Adelaide kufanya OSCE, ule mtihani wa vitendo wa wauguzi waliosomea nje? Inueni mikono. Nusu ya ukumbi. Mnaukumbuka ule woga, na hoteli ya bei nafuu, na kurudiarudia hatua za kunawa mikono mbele ya kioo. Sasa sikilizeni habari ya binti mmoja katika mji huohuo wa Adelaide, miaka ya hamsini.

Jina lake Lowitja O'Donoghue. Alizaliwa 1932 kwenye nchi kame ya kaskazini mwa South Australia, mama yake ni wa kabila la Yankunytjatjara. Akiwa na miaka miwili alitengwa na mama yake akalelewa na wamisionari katika makao ya watoto ya Colebrook, na ikapita miaka zaidi ya thelathini kabla ya kumwona mama tena. Alipokua alitaka uuguzi. Alianza mafunzo katika hospitali ndogo ya Victor Harbor, kisha akaomba kuendelea Royal Adelaide Hospital. Matroni akamkatalia. Akamwambia aende Alice Springs akawauguze watu wake.

Lowitja hakwenda. Alijiunga na chama kilichokuwa kikipigania haki za Waaborijini, akabisha ofisi baada ya ofisi, hadi kwa waziri mkuu wa jimbo, Thomas Playford. Mwaka 1954 akakubaliwa. Akasoma, akahitimu, akapanda hadi kuwa sista wa wodi, baadaye akaenda kuuguza Assam, India. Aliporudi akaingia utumishi wa umma, na 1990 akawa mwenyekiti wa kwanza wa ATSIC, chombo cha taifa cha Waaborijini. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 91.

Angalieni tarehe, ndugu zangu. Huyu si mtu wa enzi za kale. Amefariki juzi, wengi wetu tukiwa tayari tunaishi nchi hii. Bibi wa mwanafunzi unayemsimamia Jumatatu huenda ni wa rika lake. Kwa hiyo unapoona familia inaogopa hospitali, inaogopa ofisi, inaogopa fomu, usijiulize wana nini. Jiulize walitendewa nini.

Haya, tuje kwenye njia zenyewe. Wazazi mlio hapa mna majirani na wanafunzi wenza wa watoto wenu ambao hawazijui, kwa hiyo zibebeni.

Muuguzi aliyesajiliwa anahitaji shahada ya miaka mitatu inayotambuliwa na Bodi ya Uuguzi na Ukunga ya Australia, na ndani yake saa zisizopungua 800 za mafunzo kwa vitendo. Mwisho wake ni jina lako kuingia kwenye rejesta ya Ahpra, chombo cha taifa kinachosajili wahudumu wa afya. Kuna anayekwenda moja kwa moja kutoka kidato cha mwisho. Lakini Waaborijini wengi wanaosomea uuguzi ni watu wazima, wana watoto, waliacha shule mapema. Kwao kuna kozi za maandalizi, ambapo mtu anarudishiwa hesabu, uandishi wa kitaaluma na baiolojia kabla ya shahada. Batchelor, mji mdogo kusini mwa Darwin, kuna chuo cha Waaborijini wenyewe ambacho kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Chuo kikuu cha Newcastle wana programu yao iitwayo Yapug. Curtin, kule Perth, wana kozi ya maandalizi ya udaktari na sayansi za afya kupitia kituo chao cha masomo ya Waaborijini. Chuo kikuu cha James Cook wamefundisha uuguzi hadi Thursday Island, kwenye Visiwa vya Torres Strait, ili mtu asomee kwao, baharini kwao, karibu na mama yake. Chuo kikuu cha Deakin, katika taasisi yao ya elimu ya Waaborijini iitwayo NIKERI pale Geelong, mwanafunzi hukaa nyumbani akisoma, kisha huenda chuoni kwa vipindi vifupi vya masomo mfululizo, na serikali husaidia nauli na malazi.

Na kuna njia ya ngazi kwa ngazi, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mtu anaanza na cheti kwenye nyumba ya wazee, au anakuwa mhudumu wa afya wa Kiaborijini kwenye kliniki ya kijijini kwao. Anasoma diploma, anakuwa muuguzi wa ngazi ya diploma, anafanya kazi, analipwa. Akiwa tayari anaingia shahada, na mara nyingi anapunguziwa kama mwaka mmoja. Nyinyi mnaijua hiyo. Wangapi humu mlianza kwa kubadilisha shuka na kuogesha wazee, mna digrii zenu za nyumbani zimefungwa kwenye bahasha? Basi mnaelewa ninachosema.

Fedha pia zipo. Kuna ABSTUDY, posho ya serikali kwa wanafunzi wa Kiaborijini. Kuna ufadhili wa Puggy Hunter kwa wanaosomea afya, uliopewa jina la kiongozi wa huduma za afya za Waaborijini aliyefariki 2001. Na tangu 2024, mwanafunzi wa Kiaborijini aliyekidhi vigezo vya kozi ana uhakika wa nafasi inayogharimiwa na serikali kwa shahada nyingi, uuguzi ukiwemo, awe anaishi mjini au porini.

Najua kuna anayenong'ona hapo: basi wanapendelewa.

Nakujibu kwa heshima, kwa sababu ni bora tulizungumze hapa kuliko kwenye chumba cha chai. Je, Ahpra ina rejesta mbili? Haina. Kuna saa 800 za Waaborijini na saa 800 za wengine? Hakuna. Kuna mtihani wa hesabu za dawa uliolegezwa? Haupo, na haupaswi kuwepo, na wao wenyewe wasingeukubali. Msaada uko mwanzoni, wa kumfikisha mtu mahali ambapo wenzake walifikishwa na shule nzuri na nyumba yenye umeme usiokatika. Mwishoni kipimo ni kimoja. Muuguzi Mwaborijini anayekuja kukupokea zamu amepita palepale ulipopita.

Sasa basi, kama njia zipo na fedha zipo, mbona wanaomaliza ni wachache kuliko wanaoanza, na pengo hilo kwao ni kubwa kuliko kwa wenzao? Hapa naomba mnisikilize sana.

Nitawasimulia habari ya mwanafunzi mmoja. Jina simtaji, wala hospitali. Ni mama wa watoto watatu kutoka Arnhem Land, ardhi ya Waaborijini mashariki mwa Darwin, na Kiingereza ni lugha yake ya nne. Alikuwa mhudumu wa afya kijijini kwao kwa miaka, akapita kozi ya maandalizi, akafika mwaka wa pili wa shahada. Akaletwa wodini kwetu kwa mafunzo.

Tulikuwa na bibi mmoja, mgonjwa wa figo. Kila asubuhi alitakiwa kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na siku hizo alikuwa amegoma. Anajifunika shuka hadi kichwani, kimya. Kwenye faili imeandikwa: amekataa matibabu. Kesho yake tena: amekataa. Daktari amekuja na karatasi ya kusaini kwamba ameelezwa hatari. Bibi hasemi kitu.

Yule mwanafunzi akaomba ruhusa. Hakusimama miguuni pa kitanda na faili mkononi kama tunavyofanya sisi. Alivuta kiti akakaa kando, ubavu kwa ubavu na bibi, wote wawili wanatazama dirishani. Akakaa. Nikatazama saa, maana nilikuwa na dawa za vitanda vinne. Baadaye bibi akaanza kusema polepole chini ya shuka. Mwanafunzi akaja akaniambia kwa sauti ndogo: "Yule kijana anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kwa ukoo wao ni mkwewe. Hawezi kumgusa. Hawawezi hata kuongea."

Ndugu zangu, nani humu hajui habari ya mkwe? Mnacheka, lakini mnaijua. Huko kwetu kuna mama anayeacha njia akapita vichakani akimwona mkwewe anakuja. Kijana alikuwa na adabu zake, bibi alikuwa na adabu zake, na sisi na karatasi zetu tulikuwa tunaandika kwamba mgonjwa hataki kuishi. Tukambadilisha msukuma kiti. Bibi akaenda kwenye mashine siku hiyohiyo.

Mmeelewa thamani ya mwanafunzi huyu? Hakuna kozi ya siku mbili itakayonipa mimi alichokuwa nacho yeye.

Lakini sijamaliza. Wiki hiyohiyo ripoti yake ya katikati ya mafunzo ikaandikwa. Na iliandikwa hivi: hajiamini, hatazami mtu machoni, hajibu haraka anapoulizwa, anahitaji kujifunza kujieleza. Akawekwa kwenye orodha ya walio hatarini kufeli. Aliyeandika ni mmoja wetu. Anatoka upande wetu wa bahari. Mtu aliyelelewa na mama aliyemfundisha, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba mtoto hamkodolei macho mkubwa wake, na kwamba ukiulizwa jambo zito hujibu kwa pupa.

Tumesahau lini?

Tumesahau pale tulipofundishwa hapa kwamba kujiamini ni kutazama macho na kujibu papo hapo. Tukajifunza, tukafaulu, tukapata kazi. Na sasa tunawapimia wengine kwa kipimo ambacho sisi wenyewe kilituumiza.

Nilikaa na yule mwenzetu na msimamizi kutoka chuoni, tukaipitia fomu mstari kwa mstari. Kila penye "hajiamini" tuliuliza: alifanya nini? Onyesha. Alichelewa kuripoti presha iliyoshuka? Hapana, aliripoti mapema kuliko wote. Alikosea dawa? Hapana. Kidonda alikifungaje? Vizuri, kwa usafi. Mwisho wa fomu hakuna kilichobaki ila macho. Macho hayapo kwenye viwango vya Bodi! Kilichopo ni mawasiliano salama na yenye heshima, na kanuni za maadili za Bodi, zinazotumika tangu 2018, zinamtaka kila muuguzi, wewe na mimi, kufanya kazi kwa namna inayomfanya Mwaborijini ajione salama katika utamaduni wake. Fikra hiyo ilianzishwa na muuguzi, Irihapeti Ramsden, Mmaori wa New Zealand, na msingi wake ni huu: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Sasa je, mgonjwa ana haki hiyo na mwanafunzi hana?

Mama yule alifaulu mafunzo. Amemaliza, amesajiliwa. Lakini aliniambia kwamba usiku wa ile ripoti alishafunga begi.

Wangapi wamefunga begi, na hakukuwa na mtu wa kuipitia ile fomu mstari kwa mstari?

Jambo jingine ni fedha za wakati wa mafunzo yenyewe. Saa 800, na hulipwi mshahara. Mwanafunzi anatoka mji ulio mamia ya kilomita, anaacha kazi ya dukani, kodi ya nyumba inaendelea kule, na huku Darwin analala sebuleni kwa binamu pamoja na watu tisa wengine. Tangu Julai 2025 serikali imeanza kulipa posho ya mafunzo kwa wanafunzi wa uuguzi wanaostahili, zaidi ya dola 300 kwa wiki. Ni jambo jema, waliolipigania wametenda haki. Lakini haitoshi mama mwenye watoto watatu, na masharti yake yana maswali mengi. Mwanafunzi akichelewa asubuhi, kabla hujaandika "hachukulii kazi kwa uzito", muulize amelala wapi, amekuja na basi lipi, amekula nini. Sisi tuliokuja nchi hii tukalala watano chumba kimoja, tunashindwaje kuuliza swali hilo?

Na misiba. Nchi hii ina likizo ya msiba ya siku mbili tatu, kwa ndugu wa karibu, na ukoo unahesabiwa kwa kidole kimoja. Kwa Waaborijini msiba ni wajibu wa ukoo mzima na unachukua siku zake, na kwa sababu watu wao wanakufa mapema, misiba ni mingi. Mwanafunzi akiambiwa achague kati ya kumzika mjomba na kumaliza saa zake, tunataka achague nini? Nyinyi ambao mlishapanda ndege saa 30 kwenda kuzika nyumbani, mwambieni meneja wenu jinsi ilivyo. Saa za mafunzo zinaweza kupangwa upya. Nimeona zikipangwa upya. Kinachotakiwa ni mtu wa wodini kusema mapema, kabla mwanafunzi hajahesabiwa mtoro.

Wao wenyewe hawakukaa wakisubiri wasaidiwe. Sally Goold, Mwaborijini wa kabila la Wiradjuri, alisomea uuguzi katika hospitali ya Royal Prince Alfred, Sydney, wakati ambapo wauguzi wa Kiaborijini walihesabika kwa vidole. Alijua upweke wa kuwa peke yako kwenye bweni zima. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa wauguzi wa Kiaborijini, ambao leo unaitwa CATSINaM na unawajumuisha wakunga pia. Mwanafunzi yeyote akijiunga, anapata dada na kaka waliotangulia. Mkikutana na mwanafunzi ambaye hajausikia, mpeni jina hilo kabla ya kumwonyesha chumba cha dawa.

Kuna lililo juu yetu pia, na nalisema bila kuficha. Sisi tunapenda nchi hii ituone kama watu wa bidii, watu wasiolalamika. Katika kutafuta sifa hiyo, wengine tumeanza kurudia maneno tuliyoyakuta juu ya wenyeji wake. Wavivu, walevi, wanapewa bure. Tuliyasikia wapi maneno hayo kwanza? Si yalisemwa juu ya babu zetu, na wakoloni walewale, kwa Kiingereza kilekile? Mtoto wako anakusikia ukiyasema mezani, na kesho ana mwenzake wa Kiaborijini darasani kwenye maabara ya uuguzi. Naomba yaishe. Naomba kwa moyo wangu wote yaishe majumbani mwetu.

Sasa kazi. Kila mwenye sifa ya kusimamia wanafunzi, amwambie meneja wake kwamba yuko tayari kupangiwa mwanafunzi wa Kiaborijini, na aombe apangwe naye zamu zilezile kwa mafunzo yote, asirushwe leo kwa huyu kesho kwa yule. Kabla ya zamu ya kwanza, piga simu kituo cha wanafunzi wa Kiaborijini cha chuo chake. Kila chuo kikuu kina watu hao, na wanafurahi mno wodi ikiwapigia kwanza badala ya kupiga siku mambo yameharibika. Ukiona neno lolote la tabia kwenye fomu ya tathmini, dai lifuatwe na kitendo alichofanya au alichoshindwa kufanya. Na nyinyi wanafunzi wetu, wekeni kiti cha ziada kwenye vikundi vyenu vya kujisomea. Mnajisomea Kiswahili kitupu, najua, lakini hesabu za dripu ni zilezile kwa lugha yoyote.

Wanafunzi wa kundi lijalo wataanza kuingia wodini muda si mrefu. Karatasi ya kuandika majina ya walio tayari kusimamia iko kwa dada pale mlangoni, karibu na chai. Andika wodi yako na namba ya simu unayopokea, si ile ya WhatsApp tu. Nitawapigia wote wiki hii, mmoja mmoja, na walio zamu ya usiku nitawapigia jioni.

Asanteni sana.